Safu ya Mwalimu: Kwaki nzito ambazo hakuna aliyeziona

Toleo lililopita niliandika kuhusu mashine kubwa ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ile iliyochimbiwa chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Mwishoni nikadokeza, kwa sentensi moja tu, kwamba hadi leo wanatafuta humo kwaki nzito kuliko zote zinazojulikana. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua chache. Zilizobaki zinauliza mambo yaleyale, na wenyewe watanisamehe.

Kwa aliyelikosa toleo lile: protoni na nyutroni zimeundwa kwa kwaki, na kwaki ziko aina sita, yaani apu, dauni, strenji, chamu, botomu na topu. Mbili za mwanzo ndizo zinazojenga mwili wako na kiti ulichokalia. Nne zilizobaki huzaliwa kwenye migongano mikali na kutoweka papo hapo. Wanafizikia huzipanga mbili mbili, na kila jozi, pamoja na wenzake wa upande wa elektroni, huitwa kizazi. Vizazi vinavyojulikana ni vitatu.

*Mwalimu, mimi ni fundi wa redio na televisheni. Kitu kikiharibika nakitafuta kwa sababu najua kilikuwepo na kilikuwa kinafanya kazi. Hawa wanatafuta kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Wanajuaje pa kuanzia? Na uzito wake wanaupima kwa mizani gani?*
*Fundi, Morogoro*

Nianze na mizani, Fundi, maana nusu yake unayo karakanani kwako. Kama bado unaletewa TV za kichogo, unajua kuwa ndani ya kioo kile elektroni husukumwa kwa volti elfu 25 hivi mpaka zigonge kioo cha mbele na kutoa mwanga. Elektroni ikisukumwa na volti moja inapata nishati ya elektronivolti moja. Kwa hiyo TV ya kichogo ni mashine ya kuongeza kasi ya chembe, ya elektronivolti elfu 25. Nimewafundishia wanafunzi wengi kwa TV mbovu kuliko kwa kitabu chochote. Ile ya CERN, inayoitwa LHC, ina mzunguko wa kilomita 27, na kati ya mwaka 2015 na 2018 ilikuwa inaipa kila protoni elektronivolti bilioni 6,500. Protoni mbili zikigongana uso kwa uso, jumla inakuwa bilioni 13,000.

Elektronivolti bilioni moja huandikwa GeV. Kwa kuwa nishati inaweza kugeuka kuwa kitu chenye uzito, kipimo hichohicho kinatumika kupimia uzito: protoni moja ina karibu GeV 1. Mizani yenyewe ndiyo hiyo. Unakusanya nishati ya vyote vilivyochomoka kwenye mgongano, na mwelekeo wa kila kimoja, unarudi nyuma kwa hesabu hadi uzito wa kilichopasuka.

Sasa pa kuanzia. Mfano mzuri kuliko yote ni wa kwaki ya topu. Mwaka 1973 Wajapani wawili, Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa, waliandika kwamba tofauti ndogo iliyoonekana kati ya tabia ya maada na ya kinyume chake ingeelezeka vizuri kama kwaki zingekuwa angalau sita. Wakati huo watu walikuwa na ushahidi wa tatu! Mwaka uliofuata chamu ikajitokeza. Mwaka 1977 kundi la Leon Lederman, katika maabara ya Fermilab karibu na Chicago, likaipata botomu. Botomu ilipochunguzwa, tabia yake ikaonyesha kuwa haiko peke yake, ina mwenzake. Kwa hiyo wakaanza kuitafuta topu wakijua ipo. Wasichojua kilikuwa uzito wake.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Hamburg walikuwa na mashine iitwayo PETRA, ikigonganisha elektroni na pozitroni, yaani kinyume cha elektroni. Mashine ya namna hiyo huzalisha kwaki mbili mbili, hivyo inaweza kufikia nusu tu ya nishati yake. Hawakuiona topu, wakatangaza: haiko chini ya GeV 23. Wajapani wakajenga TRISTAN kule Tsukuba, na kuikuta topu ilikuwa mojawapo ya sababu kubwa za kuijenga. Ikapanda hadi kama GeV 64 za mgongano. Hawakuiona, wakatangaza: haiko chini ya GeV 30 hivi. CERN nao wakaja na mashine kubwa zaidi, na mpaka huo wa uzito ukasogea tena juu. Hatimaye tarehe 2 Machi 1995 makundi mawili ya Fermilab, CDF na D0, yakatangaza kwa pamoja kwamba wameipata. Uzito wake ni karibu GeV 173.

Vua balbu ya zamani, ile ya waya, uitazame ule waya unaowaka. Ni wa tungsteni, na atomu moja ya tungsteni ina kama GeV 171. Kwaki moja ya topu, ambayo hakuna aliyeweza kuigawa, ina uzito wa atomu nzima ya tungsteni pamoja na protoni na nyutroni zake zote. Hakuna aliyetegemea hivyo. Wengi walikuwa wanabashiri GeV 15, 20, 40. Ilichukua miaka 18 toka botomu hadi topu, na katika miaka hiyo kila aliyekosa aliacha namba nyuma yake ili anayekuja asipoteze muda pale palepale. Wanaotafuta kwaki nzito leo wanafanya kazi hiyohiyo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: safari hii hakuna anayewahakikishia kuwa kitu kipo.

*Mwalimu, binti yangu anasoma fizikia chuoni. Likizo hii ananiambia kwamba imethibitishwa hakuna kizazi cha nne cha kwaki. Mimi ni mwanasheria, na nimezoea kusikia kwamba huwezi kuthibitisha kuwa kitu hakipo. Nani kati yetu yuko sahihi?*
*Mama Fizikia, Kisumu*

Dada yangu, binti amekushinda kesi hii, ingawa si kwa ushindi wa jumla.

Kizazi cha nne kilikuwa wazo la kawaida kabisa: kama viko vitatu, kwa nini visiwe vinne? Kwaki zake zilipewa majina kabla hazijazaliwa, topu-prime na botomu-prime, na Fermilab wakazitafuta kwa miaka. Pigo la kwanza lilitoka CERN mwaka 1989. Kila kizazi kina nyutrino yake, chembe nyepesi mno isiyo na chaji, na chembe iitwayo Z, yenye GeV 91, inaweza kupasuka ikawa nyutrino mbili. Nyutrino hazionekani kwenye kifaa, lakini kila aina ya nyutrino inaipa Z njia moja zaidi ya kupasukia, na kuifanya iishi muda mfupi zaidi. Muda huo unapimika. Mashine ya LEP ilipomaliza kazi yake, hesabu ilitoa idadi ya aina za nyutrino kuwa 2.984, na shaka ya 0.008. Tatu, basi.

Ila palikuwa na mwanya, na wewe mwanasheria umeshauona. Nyutrino ya kizazi cha nne ikiwa nzito kupita nusu ya Z, yaani GeV 45, basi Z haiwezi kuizalisha na hesabu hiyo haiigusi. Watu wakapita kwenye mwanya huo kwa zaidi ya miaka 20.

Ulizibwa na bosoni ya Higgs, chembe inayohusika na kuzipa kwaki uzito wao, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012. Ndani ya LHC, Higgs huzaliwa zaidi kutokana na gluoni mbili, zile chembe zinazozishikilia kwaki pamoja. Ajabu ni kwamba Higgs na gluoni hazigusani. Zinakutanishwa na kwaki ya topu inayotokea kwa kitambo kidogo katikati yao kisha kutoweka. Ungedhani kwaki nzito kuliko topu ingefanya kazi hiyo kwa udhaifu zaidi, maana ni ghali zaidi kutokea. Lakini jinsi kwaki ya aina hii inavyokuwa nzito ndivyo inavyoshikana na Higgs kwa nguvu zaidi, na mambo hayo mawili yanafutana. Kila kwaki nzito inachangia karibu sawa na topu. Kizazi cha nne kingeongeza kwaki mbili, jumla tatu. Na kwa kuwa uwezekano wa tukio ni mraba wa mchango huo, tatu mara tatu, Higgs zingezaliwa kama mara tisa zaidi.

Hazikuzaliwa mara tisa. Zilizaliwa kwa kiasi kile kilichotegemewa kwa topu peke yake. Mwaka huohuo wa 2012 waliopiga hesabu zote kwa pamoja walikiondoa kizazi cha nne cha kawaida kwa uhakika unaozidi ule unaodaiwa ili kutangaza ugunduzi. Binafsi naiona hoja hii kuwa nzuri kuliko zote nilizokutana nazo katika fizikia ya enzi zetu, maana kwaki hizo ziliondolewa bila hata kutengenezwa.

Haki yako, dada, ni hii: kilichothibitishwa kutokuwepo ni kitu chenye maelezo kamili, kwaki zinazopata uzito wao wote kwa Higgs kama ndugu zao. Kwaki nzito za namna nyingine hazijaguswa na hoja hiyo, na hizo ndizo zinazotafutwa sasa. Jibu la barua inayofuata ni lako pia.

*Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mhandisi wa umeme huku Muscat. Nimesikia majina ya kwaki T na B, kwa herufi kubwa. Nisingependa hadithi ya jumla. Ningependa unishike mkono unipitishe kwenye mgongano mmoja, nione wao wanaona nini.*
*Mhandisi, Muscat*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Swali la mhandisi kweli.

Kwanza T na B ni nini. Kwaki za kawaida zinajizungusha, na zinaweza kujizungusha kwa mkono wa kushoto au wa kulia ukizilinganisha na uelekeo wa safari yake. Kani dhaifu, ile inayosababisha mnunurisho wa beta, inaigusa ya kushoto tu. Upendeleo huo ndio unaozilazimisha kwaki za kawaida kutegemea Higgs ili ziwe na uzito. T na B zimewaziwa kuwa kani dhaifu inaigusa mikono yote miwili sawasawa. Hivyo zinaweza kuwa nzito bila msaada wa Higgs, na idadi ya Higgs zinazozaliwa haiyumbi. T ingekuwa na chaji ya theluthi mbili kama topu, na B hasi theluthi moja kama botomu.

Kwa nini mtu aziwaze? Kwa sababu Higgs ni nyepesi kuliko inavyostahili. Ina GeV 125, wakati topu kwa hesabu ingepaswa kuuvuta uzito huo juu sana. Mwenzake topu mwenye tabia mahususi angeuvuta kwa upande wa pili. Baadhi ya nadharia zinazosema Higgs yenyewe imeundwa na vitu vidogo zaidi zinamleta mwenzake huyo bila kulazimishwa. Mimi hoja hii inanivutia nusu tu, maana asili haijatuahidi kuwa hesabu zitakuwa za kupendeza. Lakini ni hoja inayoweza kupimwa, na hiyo inanitosha.

Twende kwenye mgongano. Tuko ndani ya ATLAS, kigunduzi chenye urefu wa mita 46 na kimo cha mita 25, tani 7,000, karibu mita 100 chini ya ardhi. Mafungu ya protoni yanapishana katikati yake hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Huwezi kuhifadhi yote hayo. Vifaa vya kielektroniki vilivyo pale pale vinapunguza milioni 40 hadi laki moja, kisha kompyuta zinapunguza hadi kama elfu moja kwa sekunde. Kilichotupwa kimetupwa, hakirudi. Hatua hii wahandisi wenzako ndio wenye heshima yake, na ndiyo inayoninyima raha kuliko nyingine, kwa sababu ukiweka masharti mabaya unaweza kumtupa nje mgeni uliyemsubiri miaka 20.

Tuseme gluoni mbili zimekutana na zimezaa T na kinyume chake, kila moja na GeV 1,300. Hiyo ni kama atomu saba za dhahabu kila moja. Hazifiki popote, zinapasuka palepale. T ya kwanza inatoa topu na Higgs. Ya pili inatoa botomu na chembe W, ndugu wa ile Z. Topu nayo inapasuka kuwa botomu na W. Higgs, mara nyingi, inapasuka kuwa botomu mbili. Ukihesabu, botomu ni nne na W mbili. Tuseme W moja imetoa kwaki mbili nyepesi, na nyingine imetoa myuoni, yaani ndugu mzito wa elektroni, na nyutrino.

Kwenye kifaa unaona nini? Myuoni ni rahisi: inakatiza tabaka zote na kuacha alama hadi kwenye vyumba vya nje kabisa, ambako karibu chembe nyingine zote zimeshasimama. Nyutrino huioni. Unajua ilikuwepo kwa sababu ukijumlisha misukumo ya kwenda pembeni haifiki sifuri kama inavyopaswa, na upungufu unaelekeza upande iliokwenda. Kila kwaki inageuka kuwa mchirizi wa chembe nyingi zinazokwenda pamoja. Botomu zinajisaliti zenyewe: chembe inayobeba botomu husafiri milimita chache kabla ya kupasuka, na tabaka za silikoni za katikati zinaona kwamba nyayo za mchirizi ule zinaanzia pembeni kidogo ya pale protoni zilipogongana. Milimita chache, katika chombo cha mita 46.

Sasa uzito mkubwa wa T unakuletea kituko cha manufaa. Higgs iliyotokea hapo inatimka kwa kasi kiasi kwamba botomu zake mbili hazitawanyiki, zinabanana ndani ya mchirizi mmoja mnene. Ukiupima mchirizi huo unaupata na uzito wa karibu GeV 125, na ndani yake viini viwili. Topu inafanya vilevile: mchirizi mmoja, viini vitatu, GeV 173. Mgongano wenye myuoni moja, nyutrino, mchirizi wa Higgs, mchirizi wa topu na botomu ya ziada, vyote vikiwa na nishati ya juu, ndio unaowekwa kando uchunguzwe.

Kisha ije hesabu inayouma. Katika data za 2015 hadi 2018, jozi za topu za kawaida zilizozaliwa ndani ya ATLAS zinapita milioni 100. Jozi za T, kama zipo na zina GeV 1,000, zingekuwa elfu sita hivi. Kwa GeV 1,400 hazifiki mia tano. Kwa GeV 2,000 hazizidi ishirini. Na nyingi kati ya hizo zingepotea kwenye mchujo. Kuzitafuta ndani ya milioni 100 za topu, ambazo nazo zina botomu, W na myuoni zilezile, ni kutafuta punje chache za ulezi kwenye shehena ya mtama.

Walichokipata mpaka sasa ni idadi inayolingana na matukio ya kawaida. Wanachokitangaza ni hiki: kama T ingekuwa na uzito fulani, tungeona matukio kadhaa zaidi ya haya, na hatukuyaona, hivyo uzito huo tunaukataa kwa uhakika wa asilimia 95. Mwaka 2018 ATLAS waliunganisha uchunguzi wao mbalimbali wakasema T haiwezi kuwa chini ya GeV 1,310, vyovyote inavyopasukia kati ya zile njia tatu, yaani botomu na W, topu na Z, au topu na Higgs. Kwa B wakasema GeV 1,030. Data zilizofuata zimeusogeza mpaka huo, na kwa baadhi ya njia umepita GeV 1,500. Mashine inatarajiwa kurudi mwaka 2030 ikiwa imeongezewa nguvu ya kuzalisha migongano mingi zaidi, maana kwa uzito huu kinachokosekana zaidi ni idadi.

*Mwalimu, salamu za pwani. Hawa jamaa zako kila mara utasikia wako mbioni kugundua, magazeti yanapamba, halafu kimya. Tuwaamini vipi?*
*Msomaji wa siku nyingi, Mombasa*

Waamini kwa sababu ya kimya hicho hicho, mzee mwenzangu. Aliyekuwa na nia ya kukudanganya asingenyamaza.

Vituko viko vingi. Mwaka 1976 kundi lilelile la Lederman lilitangaza chembe mpya yenye GeV 6 na kuipa jina upsiloni. Data zikaongezeka, chembe ikayeyuka, wenzao wakawatania wee. Mwaka mmoja baadaye wakapata kilele cha kweli kwenye GeV 9.5, wakakipa jina lilelile, na hicho ndicho kilichotuletea botomu. Mwaka 1984 kundi la UA1 la CERN, chini ya Carlo Rubbia, likatangaza dalili za topu kwenye GeV 40 hivi. Hawakuwa watu wa mchezo: mwaka mmoja kabla walikuwa wametangaza W na Z, na Rubbia alipata Nobeli mwaka huohuo wa 1984. Lakini matukio ya kawaida yanayofanana na topu yalikuwa mengi kuliko walivyokadiria. Dalili zikatoweka.

La karibuni unalikumbuka. Desemba 2015 ATLAS na CMS, vigunduzi viwili tofauti, vilionyesha ongezeko la jozi za fotoni, yaani chembe za mwanga, kwenye GeV 750. Karibu makala 500 za nadharia ziliandikwa ndani ya miezi michache, na nyingi zililieleza ongezeko hilo kwa kutumia hizi kwaki nzito ninazozizungumzia hapa. Agosti 2016, kwenye mkutano wa Chicago, data mpya zikawekwa mezani. Ongezeko halikuwepo. Makala 500 zikabaki hazina mwenyewe.

Ndiyo maana wameweka masharti magumu. Ili useme umegundua, uwezekano wa bahati tu kukuletea ongezeko kubwa hivyo lazima uwe chini ya mara 1 katika milioni 3.5. Kisichofika hapo huitwa dalili, na dalili ya daraja la kati, mara 1 katika 740, ni jambo la kawaida kwa watu wanaochora michoro maelfu. Tena siku hizi wachunguzi wengi hufunika sehemu ile ya data ambako mgeni angetokea, wakarekebisha vipimo vyao vyote pembeni, wakasainiana, ndipo wanafunua. Ukifunua mapema, jicho linaanza kuona linachotamani. Ubaya ni wa waandishi wa habari, nami nimo, tunaokimbilia dalili na kuisahau Agosti yake.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi niko kidato cha tatu. Je, wakiipata hiyo kwaki nzito wanaweza kutengenezea bomu?*
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba mwanangu. Hapana. Bomu linahitaji kitu unachoweza kukirundika na kukisafirisha. Topu, ambayo ni nyepesi kuliko hizi, huishi sekunde ambayo ukiiandika kwa desimali unaweka sifuri, nukta, sifuri 24, kisha 5. Na nishati inayotoka ikipasuka ni ileile iliyotumika kuitengeneza, haizidi. Usiache kuuliza, hata kama darasa linacheka.

*Mwalimu, nasoma shahada ya kwanza ya fizikia Bujumbura. Maabara yetu ni ndogo. Je, mtu kama mimi anaweza kugusa kazi hii, au ni ya kusoma tu magazetini?*
*Mwanafunzi, Bujumbura*

Unaweza kuanza wiki hii, mwanangu, kama una kompyuta na intaneti ya kuungaunga.

Milango mikubwa kwanza. Kigali, karibu nawe, kuna Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Kimsingi ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayoshirikiana na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia. Wanatoa shahada ya pili na ya uzamivu. Iko pia Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza Stellenbosch mwaka 2010 na kuzunguka nchi mbalimbali, na mwaka 2016 ilikuwa hapohapo Kigali. CERN nao huchukua wanafunzi wa likizo hata kutoka nchi zisizo wanachama. Ushindani ni mkali, omba tu.

Mlango mdogo ndio ninaoupenda. Tangu mwaka 2014 CERN wana tovuti ya data huria, na CMS wameweka humo sehemu kubwa ya data zao halisi, bure. Usianze na kwaki T, utazama. Tafuta faili la jozi za myuoni la mwaka 2010, lenye matukio laki moja, linalofunguka hata kwenye programu ya kawaida ya majedwali. Kila mstari ni mgongano mmoja, na kila myuoni ina nishati yake na misukumo yake mitatu, kwa mhimili wa x, y na z. Jumlisha nishati za myuoni mbili, ipandishe mraba. Jumlisha misukumo yao kwa kila mhimili, pandisha kila moja mraba, toa zote tatu kutoka ile ya kwanza. Tafuta kipeo cha pili. Huo ndio uzito wa kilichozaa myuoni hizo, kama kipo.

Fanya hivyo kwa matukio yote laki moja, kisha chora ni mangapi yameangukia kila uzito. Mihimili yote miwili iwe ya logi, la sivyo utaona kilima kimoja na vumbi. Ukipatia, utaona kilele kwenye GeV 3.1. Hicho ni chamu na kinyume chake, kilekile kilichotikisa dunia ya fizikia Novemba 1974 pale Brookhaven na Stanford. Utaona kingine kwenye GeV 9.5, botomu ya Lederman. Na kwenye 91, Z. Kwaki mbili nzito za karne iliyopita, kwa mkono wako, bila kuondoka Bujumbura.

Kisha fanya jambo moja zaidi: tenga jozi ambazo myuoni zote mbili zina chaji ya aina moja, uchore upya kwa hizo peke yake. Vilele vinapaswa kupotea na mteremko ubaki. Mteremko huo ndio yale matukio ya kawaida niliyomsimulia Mhandisi wa Muscat, na ukishauzoea ndipo ufungue faili kubwa zaidi. Nitumie mchoro wako kupitia mhariri. Andika pembeni ni matukio mangapi umeyachuja na kwa masharti gani, maana bila hayo siuchapishi.